Saa ya Kwanza ni ya Rafiki

Mtu akianguka ghafla Itebero, katika eneo la Walikale mashariki mwa Kongo, hakosi watu. Muda mfupi tu nyumba imejaa: akina mama wanasali, wazee wanaulizana ilianzaje, vijana wamesimama mlangoni wakingoja kutumwa. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu mmoja wa kusema, “Tunaondoka sasa.” Mume yuko machimboni, kaka mkubwa yuko shambani ng'ambo ya mto, na waliopo hawataki kuonekana wamejitanguliza katika jambo la ukoo usio wao. Heshima hiyo ni nzuri siku zote isipokuwa siku ya dharura. Haya ninayoyaandika yanamhusu mtu mmoja aliyemo ndani ya nyumba hiyo na asiyejua nafasi yake: rafiki wa karibu, yule anayeitwa ndugu ingawa hawakuzaliwa tumbo moja. Ninachotaka kumwambia ni kwamba kazi yake siku hiyo si kujaza kiti kando ya kitanda. Kazi yake ni kulinda muda na kusema ukweli, na anaifaa kazi hiyo kuliko karibu kila mtu mwingine aliyemo humo.

Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walichapisha uchunguzi kuhusu vifo vya wajawazito katika nchi maskini. Waliuliza swali rahisi: huyu mama aliyekufa, muda wake ulipotelea wapi? Wakaona ucheleweshaji wa aina tatu. Wa kwanza ni wa nyumbani, kuchelewa kuamua kutafuta matibabu. Wa pili ni wa njiani, kuchelewa kufika. Wa tatu ni wa hospitalini, kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Mgawanyo huo haukubaki kwa wajawazito peke yao. Leo hutumika kueleza vifo vya watoto, vya watu walioumia, vya walioumwa na nyoka. Nao unaieleza Walikale vizuri sana. Eneo hili ni kubwa kuliko mengine yote ya Kivu Kaskazini, zaidi ya kilomita za mraba 23,000, nyingi zikiwa msitu. Itebero, katika sekta ya Bakano, iko kwenye barabara ya taifa namba 3 inayotoka Bukavu, inapita Bunyakiri na Hombo, ikaelekea Walikale na mbele zaidi Kisangani. Lakini barabara ya taifa iliyo kwenye ramani na barabara ya taifa baada ya mvua ya wiki mbili ni vitu viwili tofauti. Hakuna rafiki awezaye kuitengeneza barabara hiyo usiku mmoja. Ucheleweshaji wa pili ni mzigo wa serikali na wa wote waliojiita wakubwa wa nchi hii. Ule wa kwanza, ule wa nyumbani, uko ndani ya mikono yetu, na ndiko rafiki anakoweza kuokoa saa nyingi kuliko pengine popote.

Mtu anaweza kuniambia: kufika mapema kunasaidia nini ikiwa hospitali yenyewe haina vifaa vya maana? Jibu langu nalitoa kwenye utafiti uitwao E-MOTIVE, uliotangazwa Mei 2023. Ulifanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, kwa wanawake zaidi ya 200,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Dawa walizotumia zilikuwa zimeshajulikana. Jipya lilikuwa mambo mawili: walipima damu iliyotoka kwa mfuko wenye alama badala ya kukisia kwa macho, na walipoona imezidi walitoa matibabu yote kwa mara moja badala ya kujaribu moja, kungoja, kisha kujaribu jingine. Hospitali zilizoendelea na mazoea ya zamani ziligundua kutoka damu kupita kiasi kwa nusu tu ya wanawake waliopatwa nako. Zilizopima ziligundua kwa zaidi ya 9 kati ya 10. Madhara makubwa, yaani kupoteza lita nzima ya damu au zaidi, kupasuliwa ili kuzuia damu, au kufa kwa sababu yake, yalishuka kwa asilimia 60. Tazama funzo lake kwa mtu asiye daktari. Kilichookoa zaidi hapo ni kuona mapema na kutongojeana. Na dawa iitwayo asidi ya traneksamu, inayosaidia damu kuganda, hupoteza sehemu ya kumi hivi ya nguvu yake kwa kila dakika 15 za kuchelewa, na baada ya saa 3 haina faida tena. Dakika 15 ni muda wa kubishana mlangoni nani aende na mgonjwa.

Wazee watanikumbusha kwamba haraka haraka haina baraka. Ninakubaliana nao kuhusu mikono. Mikono ya haraka huvunja na kudondosha. Ila uamuzi wa kuondoka si mahali pa kutafutia baraka za polepole, na wazee hao hao wametuachia neno la pili: ngoja ngoja huumiza matumbo. Kuna tatizo zito kuliko methali, nalo ni la haki. Rafiki si ukoo. Akisema “twende” na mgonjwa akafia njiani, ataulizwa alimpeleka kwa idhini ya nani. Hofu hiyo ina msingi, na sitaki kuipuuza. Njia ya kuishinda ni kutenganisha maamuzi mawili ambayo tunayachanganya. Kumfikisha mtu kwa muuguzi si kuamua apasuliwe. Ni kumweka mahali ambapo familia, ikifika, itakuta bado kuna la kuamua. Kwa hiyo rafiki mwenye busara haombi ruhusa ya kumtibu mgonjwa. Anatuma mtu kwa familia na ujumbe ulionyooka: “Mama Furaha anatoka damu, tumeshaondoka naye, tukutane hospitalini.” Kisha anachukua ndugu mmoja aliyepo, hata kama ni mdogo, awe shahidi na mwenye jina la ukoo, kwa sababu kwenye karatasi ya upasuaji hospitali itataka sahihi ya jamaa. Mume akirudi kutoka machimboni atakuta mambo mawili mkononi mwake, habari na nafasi ya kuamua. Rafiki asingeondoka na mgonjwa, mume angekuta habari tu.

Zipo ishara ambazo zikionekana mazungumzo yanapaswa kukoma. Mama aliyejifungua akilowesha nguo baada ya nguo, au damu ikimtoka huku akisema anaona giza na mikono yake ikipoa, hana saa nyingi. Kutoka damu namna hiyo huweza kuua ndani ya saa mbili. Mfunike asipate baridi, mwambie akojoe kama anaweza, mwekee mtoto kwenye titi, na yote hayo yafanyike wakati tipoyi, yaani machela ya kubebea mgonjwa, inafungwa, si kabla ya kuifunga. Mtu mwenye homa anayeanza kusema maneno yasiyoeleweka, kutetemeka mwili mzima na kupoteza fahamu, kushindwa kusimama, au kukojoa mkojo mweusi kama kahawa, huenda ana malaria kali, na vidonge vya dukani havimtoshi. Anahitaji sindano ya atesuneti. Mwaka 2010 utafiti uliofanyika katika nchi 9 za Afrika, Kongo yetu ikiwemo, ulilinganisha sindano hiyo na kwinini kwa watoto zaidi ya 5,400 wenye malaria kali: vifo vilipungua kwa zaidi ya moja ya tano. Kituo cha afya kidogo kabisa kinaweza kuanza sindano ya kwanza kabla ya kumtuma mgonjwa mbele, kwa hiyo usikiruke kituo ukikimbilia hospitali iliyo mbali. Na mwenye uvimbe wa ngiri uliokuwa ukirudi ndani, sasa haurudi, unauma na anatapika, ni wa kupasuliwa leo. Usiusukume, usimpe dawa za kuingiza kwa nyuma, na hata kama moyo unakuuma usimpikie uji, kwa maana daktari wa usingizi anataka tumbo tupu.

Nyoka anastahili maneno yake, kwa sababu huku kwetu msitu unaanzia nyuma ya jiko. Marafiki wameumizana sana kwa nia njema mbele ya jeraha la nyoka. Wanafunga kamba kwa nguvu hadi mguu unakufa, wanachanja, wanafyonza, wanabandika jiwe jeusi. Jiwe hilo limejaribiwa na halikuondoa sumu. Linaonekana kuponya kwa sababu nyoka wengi hawana sumu, na hata wenye sumu mara nyingine huuma bila kuimwaga. Mtu wa namna hiyo angepona hata kwa kubandikwa jani la muhogo. Tatizo ni yule mwingine, aliyeingiwa na sumu kweli, anayelala nyumbani na jiwe mguuni. Linalofaa ni hili: mtulize, vua pete, bangili na viatu kabla uvimbe haujapanda, funga kijiti kando ya mguu usitikisike, na umbebe. Asitembee mwenyewe. Chukua kalamu uchore mstari pale uvimbe ulipofikia na uandike saa. Baada ya nusu saa chora tena. Muuguzi akiona mistari hiyo atajua sumu inakwenda kwa kasi gani, jambo ambalo mgonjwa mwenyewe hawezi kumwambia. Akianza kusinzia au kutapika, mlaze ubavu.

Nilisema kazi ya rafiki ni kulinda muda na kusema ukweli. Sehemu ya pili ndiyo ngumu, na ndiyo inayomfanya rafiki asiwe na mbadala. Mama anajua mwanawe alizaliwa lini. Rafiki anajua alikunywa nini jana. Rafiki ndiye anayejua kwamba binti anayelia kwa maumivu ya tumbo amekosa hedhi miezi miwili na hajamwambia mtu. Anajua kwamba kijana huyu anameza dawa za virusi vya UKIMWI kwa siri, kwamba alikunywa dawa ya miti kabla ya homa kupanda, kwamba mama huyu alijaribu kutoa mimba. Habari za namna hii ndizo zinazobadilisha tiba. Maumivu makali upande mmoja wa tumbo kwa msichana ambaye hajaona siku zake huweza kuwa mimba iliyotunga nje ya mji wa uzazi na kupasuka. Akitibiwa kama mwenye minyoo, atakufa na siri yake. Hapo ndipo rafiki huuliza moyoni: nimsaliti? Nadhani swali linakosea pa kuanzia. Siri uliyopewa ulipewa uitunze kwa ajili ya mwenyewe, wala si dhidi yake. Mwite muuguzi pembeni, mwambie kwa sauti ya chini jambo lile tu linalohusu ugonjwa, mwombe alitunze, urudi ukae. Usimwambie shangazi. Usiwaambie walioko kwenye ukumbi. Na ukirudi kwa rafiki yako akiwa na fahamu, mwambie umesema nini na kwa nani, asije akalisikia kwa mtu mwingine.

Katika eneo lililoona vita miaka mingi namna hii, kuna ukweli mmoja ambao mara nyingi mtu wa kwanza kuupokea ni rafiki: kubakwa. Mwanamke hamwambii mume, hamwambii mama, anamwambia mwenzake anayechota naye maji. Mwenzake huyo ajue namba moja, saa 72. Ndani ya muda huo dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI bado zinaweza kuanzwa, na kila saa ya mwanzo ina thamani kuliko inayofuata. Dawa ya kuzuia mimba ina nafasi hadi siku 5, ingawa ikiwahi ndiyo bora. Hakuna haja ya kujua ni nani aliyefanya, wala ya kumhoji. Umwamini, umsindikize, umngoje mlangoni. Hata hizo siku zikipita, bado apelekwe; majeraha na moyo vina tiba yake.

Kuhusu njia, sitazungumza kana kwamba tunaishi katika mji wenye magari ya wagonjwa. Machi 2025 mapigano yalifika hadi Walikale mjini, na tangu Januari ya mwaka huo uwanja wa ndege wa Goma ulikuwa umefungwa, kwa hiyo hata njia ya angani iliyozoewa na mashirika ilikatika. Kuna usiku ambao kuondoka ni hatari kuliko kungoja mapambazuko, na siwezi kumwamulia mtu jambo hilo nikiwa mbali na mlango wake. Ninachoweza kusema ni kwamba uamuzi huo ufanywe kwa kuuliza, wala si kwa kudhani: mtume mtu kwa shefu wa lokalite, yaani mkuu wa kijiji, muulize motari, dereva wa pikipiki, aliyepita mwisho, jua kama barieri ya barabarani iko wazi na nani anaishika. Barua ya muuguzi inayosema mgonjwa anahamishwa, pamoja na kadi yake ya mpiga kura, hufupisha maneno barabarani. Ikiwa ni pikipiki, mgonjwa aliyezimia hakai peke yake nyuma ya motari. Anahitaji mtu wa kumshika. Kwa mama anayetoka damu au mtu mwenye mfupa wa paja uliovunjika, heri tipoyi ya polepole yenye wabebaji 8 wanaopokezana kuliko pikipiki inayomrusha kwenye kila shimo. Kama kuna mtandao wa simu juu ya kilima fulani tu, kijana mmoja apande huko na kupiga simu hospitalini ili wawashe taa na kumwita daktari. Simu hiyo moja hupunguza ucheleweshaji wa tatu kabla mgonjwa hajafika.

Sasa fedha, kwa sababu ndiyo inayosemwa kwa sauti ndogo na kuamua kwa nguvu. Mtu ataniambia: ushauri wako ni wa wenye nacho, rafiki maskini atafanya nini? Ninajibu kwamba umaskini wa rafiki ni hoja ya kujiandaa mapema, maana maskini ndiye asiyeweza kukopa usiku wa manane. Likelemba nyingi, yaani vikundi vya kuchangiana fedha kwa zamu, zinazunguka kwa ajili ya mtaji, mabati na sherehe. Sioni kwa nini kikundi cha watu 15 kisitenge sehemu ndogo kila wiki kuwa fungu la wagonjwa, lenye mweka fedha anayekaa kijijini, wala si yule anayesafiri kila soko, na lenye kanuni kwamba watu wawili wakikubaliana fedha inatoka usiku huo huo bila kikao. Mkutano wa kujadili ugonjwa wa mtu ukifanyika asubuhi, mara nyingi unageuka kikao cha matanga. Tena tunachangia matanga kwa moyo mkunjufu. Jeneza, chakula cha wageni, turubai, vyote vinapatikana ndani ya siku moja. Fedha ile ile ingepatikana saa 20 kabla, pengine turubai lisingehitajika. Ninalisema hili kwa uchungu, si kwa kumlaumu mtu.

Kuna kitu ambacho hata asiye na fedha anacho, nacho ni damu. Wazee walichanjiana ili kuwa ndugu, wakaonja damu ya mwenzao kidogo tu kama agano. Leo agano hilo linapita kwenye mfuko wa mililita 450. Hospitali ndogo haina akiba kubwa ya damu, maana inahitaji friji isiyozimika na hata hapo haidumu zaidi ya wiki chache. Mara nyingi mtoaji lazima atembee kwa miguu yake na kufika pamoja na mgonjwa. Mtu mzima mwenye afya, mwenye kilo 50 au zaidi, anaweza kutoa, mwanaume kila baada ya miezi 3, mwanamke baada ya miezi 4. Mwili unarudisha maji ya damu ndani ya siku chache na chembe zake ndani ya wiki kadhaa. Damu itapimwa UKIMWI, homa ya ini na kaswende kabla ya kutumika, na mtoaji asiyetaka kupimwa aseme mapema ili atafutwe mwingine, wala asidharauliwe. Kwa hiyo msafara wa mgonjwa anayetoka damu usiwe wa waombolezaji. Uwe wa watu wawili watatu wenye afya waliokula kabla ya kuondoka.

Mkifika, eleza mara moja, kwa mpangilio: ilianza saa ngapi, ilianzaje, amepewa nini, ana mimba au hana, dawa gani humdhuru. Ni bora iwe kwenye karatasi, kwa sababu zamu hubadilika na maneno hupotea. Kisha mwache muuguzi afanye kazi. Watu 12 kuzunguka kitanda wanamnyima mgonjwa hewa na muuguzi nafasi. Rafiki ndiye anayeweza kuwaomba watoke bila kuonekana anafukuza ukoo, hasa akiwapa kazi: huyu maji, huyu kuni, yule apeleke habari nyumbani na abaki na watoto. Watoto wa mgonjwa husahaulika siku hiyo kuliko kitu chochote. Kama mambo hayaendi, uliza kwa adabu lakini uulize: “Muganga, tunangoja nini, na sisi tufanye nini?” Mara nyingi kinachongojwa ni glovu, uzi au mafuta ya jenereta, vitu ambavyo vingepatikana dukani kama mtu angesema.

Wengine hawapendi mazungumzo haya kabla ya wakati. Wanasema kutaja ugonjwa ni kuuita. Ninaheshimu woga huo, na sidhani unashindwa kwa hoja. Hushindwa kwa kuyafanya mazungumzo yawe ya kawaida, kama mtu anavyoulizia mbegu. Kama mwenzako ana mimba, muulize siku moja mkienda sokoni: damu yako ni kundi gani, mume asipokuwepo nani aseme, fedha iko kwa nani, tipoyi ya mtaa inalala kwa nani na kamba zake ni nzima? Mwambie na wewe majibu yako. Yasemwe mara moja, na yakumbukwe.

Baada ya hospitali kuna muda ambao hauna kelele, na wageni huusahau. Wiki ya kwanza nyumba imejaa fufu na sombe za majirani. Wiki ya tatu mgonjwa yuko peke yake na deni. Huenda hospitali bado inashikilia kadi yake, huenda hata yeye mwenyewe alichelewa kuruhusiwa kwa sababu ya malipo, na aibu ya hayo inamzuia kusema kwamba homa imerudi au kidonda kinatoa usaha. Rafiki aje wakati huo. Ahesabu naye vidonge vilivyobaki, akumbuke tarehe ya kurudi kwa muganga, aangalie kidonda kwa macho yake. Aliyepasuliwa tumbo hatakiwi kuinua mzigo mzito kwa wiki 6 hivi, na wiki 6 huku kwetu ni msimu mzima wa palizi. Kama shamba lake linaota majani, atakwenda kulipalilia kabla ya kupona. Hivyo jembe la rafiki liwe limeshapita hapo.